Gari Lililovikwa Kunguni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeamua. Gari langu la kazi linavikwa stika mwili mzima, kuanzia boneti hadi bampa la nyuma. Miaka yote hii naua wadudu majumbani mwa watu na hakuna anayenijua! Gari jeupe pe! Ukiliona utadhani linapeleka maziwa.

Sababu ni hoteli. Ile kubwa karibu na stendi imeingiwa na kunguni, na meneja anatafuta mtu wa kuwatoa na kurudi kila mwezi kukagua. Tunaoitaka kazi hiyo ni wawili: mimi, na shemeji, kaka wa mke wangu. Naye anaua wadudu, tena kazi kaiga kwangu. Baba mkwe keshatangaza mezani, watu wote wakisikia, kwamba nikiikosa hii nifunge ofisi nikambebee shemeji pampu. Mimi! Nimbebee pampu mtu niliyemfundisha kuvaa barakoa!

Meneja atatuona Jumatatu ijayo. Kanipigia mwenyewe. Kasisitiza nije kimya kimya, kwa geti la nyuma. Maskini, hajui anaongea na nani.

Jumanne, 5 Machi

Fundi wa stika kanipa masharti. Gari nilioshe kwa sabuni tu. Nisilipake kitu. Penye kutu nisipafiche, maana stika haizibi tundu. Kisha nimwachie siku tatu na nisimsogelee. Niliitikia yote.

Nilipofika nyumbani nikawaza. Nipeleke gari limefubaa hivi? Fundi atanionaje? Nikalipaka mafuta ya kung'arishia, kopo zima. Likameremeta hadi jirani akaja kujitazama na kuchana ndevu. Kwenye tundu la kutu, chini ya mlango, nikashindilia sabuni ya mche na kupaka rangi nyeupe juu. Safi kabisa! Hata mimi sikupaona tena.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kapitisha kidole kwenye boneti, kakinusa, kaketi chini. Kumbe stika haishiki kwenye mafuta. Kaonyesha kwa kipande kidogo, kikateleza chenyewe hadi sakafuni. Asubuhi nzima wamelisugua gari kwa spiriti. Walipoumwagia mlango maji, ukatoa povu. Nilishangaa pamoja nao.

Mchana tukakaa na binti wa kompyuta anayechora. Ushauri wake: jina la kazi, namba ya simu, basi. Anadai mtu barabarani hapati muda wa kusoma zaidi ya hapo. Nikamwambia watakaoliona langu watasimamisha magari wasome. Nimeagiza kunguni. Mmoja kila ubavu, mkubwa kuliko mlango, mwenye vinyweleo miguuni. Wa kwanza aliyemchora alikuwa anatabasamu. Nikakataa. Nataka mwenye kiburi! Halafu uso wangu, mkubwa vilevile, ukimtazama kwa dharau. Chini yake: kunguni, mende, viroboto, panya, siafu, utitiri.

Mke wangu kauona mchoro kwenye simu. Kauliza ni nani atakayetaka kitu hicho kiegeshwe mlangoni pake. Nampenda sana mke wangu, ila mambo ya matangazo hayajui.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kuchungulia tu. Fundi alikuwa anapasha stika kwa mashine ya hewa moto, mwenzake anasukuma mapovu ya hewa kwa kipande cha plastiki. Taratibu, kama wanapiga pasi shati la harusi. Nikaona kona moja imelegea, nikaivuta kidogo nisaidie.

Kunguni mzima wa ubavu wa kushoto alinijia mwilini. Kaninata mkononi, kifuani, mpaka nywele za kisogoni. Kadiri nilivyojitoa ndivyo alivyonikumbatia. Wamenikata shati kwa mkasi. Fundi kasema kwa upole mno kwamba itabidi achapishe mwingine, kwa gharama yangu, na kwamba nje kuna benchi zuri sana la kukalia.

Kitu kimoja kimenikera. Kifuniko cha tangi kimeangukia puani mwangu, pale kwenye picha. Yaani kila nikienda kituoni, petroli natiliwa puani. Nimemwambia fundi pua ile ihamishwe. Kaniuliza mimi na tangi nani anahamishika kirahisi.

Jumamosi, 9 Machi

Gari hilo! Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Fundi kaonya nisilioshe kwa maji ya nguvu wiki nzima. Nani aoshe? Nimezunguka mji mzima dirisha wazi. Watu walinyoosha vidole. Kituo cha petroli nilikikwepa.

Adhuhuri nikaenda kwa mteja, mwalimu mstaafu aliyenipigia juzi juu ya godoro lake. Alikuwa kibarazani na majirani. Nikapiga honi. Akapunga mkono, nikapunga. Akazidi kupunga kwa nguvu, kumbe ananifukuza! Kasema kwa sauti hanijui na kwake hakuna mdudu. Sijafika kona, simu ikalia. Ni yeye. Kaniomba gari niliache sokoni, nije kwa miguu, pampu niitie kwenye kapu na kufunika kwa mchicha.

Mama muuza chakula wa pale sokoni naye kaja juu. Ati nimeegesha, wateja wake wakaweka vijiko chini. Wivu tu. Umaarufu una maudhi yake.

Jumatatu, 11 Machi

Sitaki, lakini nitaandika.

Nilifika hotelini mapema. Geti la nyuma ni la wabeba mboga. Mtu mwenye gari kama langu anapita mbele, na mbele nikapita. Nikaegesha mbele ya mlango mkubwa wa vioo. Wakati huohuo likaingia basi la wageni wa mkutano, na masanduku yao. Wakashuka. Wakamtazama kunguni. Wakaitazama hoteli. Bibi mmoja kamuuliza mtu wa mapokezi yupo chumba gani, na hakuwa anamuulizia mume. Masanduku yakaanza kurudi ndani ya basi.

Meneja alitoka mbio, tai begani. Akawatangazia wageni kwamba nimepotea njia, natafuta hospitali. Kisha akaniinamia sikioni na kusema maneno ambayo shajara hii haijawahi kuyabeba.

Wakati nageuza, nikamwona shemeji geti la nyuma. Gari jeupe, halina hata alama. Kavaa suti, pampu kaiweka ndani ya sanduku la safari. Meneja alimkumbatia. Kazi kaipata yeye.

Roho imeniuma. Nimekaa ndani ya gari hadi mke wangu akaja kunitoa. Hakusema alichokuwa ameniambia, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 13 Machi

Baba mkwe kashinda. Kesho naanza kwa shemeji. Kanipokea vizuri, lazima nikiri, akanipa na ovaroli. Ila gari lake limeharibika klachi, kwa hiyo kesho tunakwenda hotelini na langu. Kaniomba nilifunike turubai, kunguni asionekane. Nimekubali. Sina kinyongo.

Na sasa nimeelewa nilipokosea. Usiku na mchana nimelifikiria. Tatizo halikuwa kunguni. Tatizo ni kwamba picha haisemi! Wale wageni walimwona mdudu, hawakuambiwa kwamba mkombozi kafika. Meneja naye nilimjia bila kumwamkia, ndiyo maana kakasirika.

Jioni nimerekodi sauti yangu na kufunga kipaza sauti chini ya turubai. Shemeji hajui, nataka afurahi. Kesho tukishaingia getini kitamwamkia meneja kwa jina lake kamili, kimpe pole ya kunguni, na kiwatajie wageni wote namba za vyumba tutakavyoanza navyo.