Rozari Niliyoikata Ilingane na Gauni

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimependeza. Kaeni niwaambie.

Murithi alikuwa ananipeleka kwao, juu kidogo ya Nkubu, nikaonwe na mama yake. Mama huyo ni Mkatoliki wa kufa kupona. Mimi ni Mmethodisti, na kazi yangu ni kusuka watu nywele. Nilitaka anipende. Nilitaka sana, sitawadanganya.

Asubuhi nikapita sokoni kutafuta cheni. Kati ya miwani ya jua na kava za simu nikaona rozari ya dhahabu (dhahabu ya sokoni, msinipige mawe).

"Hii ndiyo fashion sasa, madam," muuzaji akasema. "Hata wale hawaendi kanisa wananunua."

Nikanunua. Ila ilikuwa inafika kitovuni! Basi nikakata shanga kadhaa, nikaiunga tena, na zile nilizotoa nikazifanya bangili. Nilipojitazama kwa kioo nikajipongeza. (Fundi!)

Mama alipotufungulia mlango, macho yake yalitua shingoni mwangu.

"Muga, mwari!" akanisalimu kwa Kimeru, yaani hujambo, binti. "Kai, Murithi, kumbe umeniletea Mkatoliki!"

Murithi akaangalia viatu vyake. Na mimi? Nikatabasamu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Hatujamaliza chai, wamama wa jumuiya ya kanisa lao wakaingia kusali rozari. Ilikuwa zamu ya nyumba hiyo. Mama akapapasa mfuko, akakumbuka yake ameiacha kwa dada yake mgonjwa.

"Mwari, nipatie yako niongoze nayo."

Nikaivua, nikampa. Tukapiga magoti. Wamama hao wanasali Salamu Maria kumi kumi tangu wakiwa wasichana, hawahitaji hata kuhesabu. Mwanzo mambo yalikuwa sawa. Nilikuwa naitikia kwa kunung'unika na kukohoa. Kisha vidole vya Mama vikafika kwa shanga kubwa mapema. Akaanza "Atukuzwe Baba." Hakuna aliyeitikia!

"Bado," mmoja akasema bila kufungua macho. "Tumesema nne tu."

Mama akazipapasa tena. "Hata hapa ziko nne. Zingine zimeenda wapi?"

Sasa macho yote yakafunguka. Nikaficha mkono nyuma. Nilikuwa nimechelewa.

"Na hizo kwa mkono ni nini?"

"Nilizikata, Mama. Ilikuwa ndefu, haikai poa na gauni." Nikaona nimalize yote. "Na mimi ni Mmethodisti."

 Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Murithi alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe (ng'ombe hakuwa amemwita).

Mara Mama akacheka! Akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na wamama wote wakamfuata. Kisha akajifuta machozi.

"Leta huo mkono. Sala haiachwi katikati."

Akanishika, akamaliza Salamu Maria zilizobaki kwa bangili yangu, shanga moja moja, nami nimepiga magoti kando yake, uso unawaka. Lakini nilifurahi, wacha niseme tu. Hata tulipomaliza hakuniachilia.

Rozari amebaki nayo. Ameniambia nirudi Jumamosi niirudishie shanga zake iwe nzima, halafu nimsuke.

Kwa hivyo mwenye uzi mzuri wa shanga aniletee. Mwenye kicheko abaki nacho kwake.