Gia ya Kwanza Haiguswi

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua jambo! Meno ya gia huisha kwa kutumika, kama soli ya kiatu. Basi ya nini kuimaliza gia ya kwanza? Naitunza. Siku nikiiuza pikipiki yangu, mnunuzi ataikuta mpya kabisa! Leo nimeondoka na gia ya tatu. Pikipiki ikatetemeka, ikakohoa, ikaenda. Mke wangu akauliza kama ina homa. Nikacheka tu.

Jumanne, 4 Machi
Mama wa bekari anatafuta mtu wa kupeleka mikate hospitali kila asubuhi, kule kilimani. Tunaitaka kazi wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, bwana majigambo. Alhamisi tunajaribiwa. Jamani, naitaka kazi hii! Nimechoka kulishwa sifa za shemeji kila tukikaa mezani.

Jumatano, 5 Machi
Harufu ya kuungua. Nikadhani jirani kaunguza chakula. Kumbe ni mimi! Fundi kasema klachi inakwisha. Eti mwendo mdogo unataka gia ndogo, mwendo ukipanda ndipo na gia ipande, na mlima mkali hauendi bila ya kwanza. Nikamshukuru. Pikipiki zisipoharibika, fundi atakula wapi? Hanipati!

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji katangulia. Ya kwanza, ya pili, mwendo wa bibi harusi. Nikamhurumia, anavyozimaliza gia zake! Mimi nikatia ya tatu, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Katikati ya mlima, ikazima. Tukarudi kinyumenyume, mimi, pikipiki na kreti, mikate ikatapakaa barabara nzima. Shemeji akashuka, akanisaidia kuokota. Akanipa pole, kisha akauliza kama hospitali siku hizi imehamia bondeni. Kazi kapata yeye. Mke wangu akampongeza kaka yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Klachi mpya! Na habari kubwa: shemeji kamsihi Mama wa bekari anipe mikate ya shule. Kakubali, ila nikiimwaga tena basi. Mke wangu kanikumbatia! Nikaapa mbele yao wote kwamba nimekoma, gia ya kwanza nitaitumia. Na nitaitumia, mimi si mtu wa kuvunja neno.

Naanza Jumatatu. Nimeikagua njia: mteremko mtupu, kutoka bekari hadi geti la shule. Nikakaa, nikafikiri. Breki nazo si huisha kwa kutumika? Zangu bado mpya kabisa. Nitazitunza!