Tone la Buluu kwenye Saa ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mama mkwe amenikabidhi saa ya mkono ya marehemu baba mkwe niitengeneze. Mimi, si shemeji, mwanawe wa kumzaa! Shemeji alishaipeleka kwenye duka lenye kiyoyozi, wakamrudishia wakidai vipuri vyake havipatikani tena. Nimeifungua kibandani kwangu, nikakuta uchafu tu. Nimesafisha, nimetia mafuta. Inatembea!

Mama mkwe alisisitiza nisiguse uso wa saa. Ameuzoea hivyo hivyo, rangi ya chai, namba zimefifia. Shemeji akadakia kwamba thamani ya saa ya zamani ni uzee wake. Tangu asome makala moja kuhusu vitu vya kale, hatupumui. Niliitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, fundi hapangiwi.

Jumanne, 4 Machi

Nimegusa. Si kidogo. Uso nimeupaka rangi nyeupe, unang'aa kama sahani mpya. Namba nimezichora upya kwa mkono. Ile nane imenenepa, lakini hata watu hunenepa. Bodi, yaani kasha lake la chuma, nimeisugua kwa dawa ya meno. Pembeni kulikuwa na tone la rangi ya buluu, limekauka, gumu kama jiwe. Limenitoa jasho, lakini nimelibandua. Jumapili familia nzima inakula kwa mama mkwe. Nawaona tayari wakipokezana saa huku shemeji akitazama dirishani.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Tukiwa mezani, mke wangu kauliza kama lile tone la buluu bado lipo. Kijiko changu kikasimama njiani. Akasimulia: mwaka waliohamia nyumba ile, baba yake alipaka jiko rangi ya buluu, tone likaangukia saa. Alitaka kulifuta, mama akamkataza. Tangu mzee afariki, mama huligusa kwa kidole kila asubuhi.

Nikasema lipo. Nikakohoa. Akanitazama. Nikakohoa tena.

Mkakati mpya: kuizeesha saa.

Alhamisi, 6 Machi

Chai ya rangi, nzito. Mara ya kwanza nilitia sukari kwa mazoea, sisimizi wakaja kukagua kazi. Mara ya pili, bila sukari. Nimeupaka uso kwa pamba, nikauanika juani. Safi kabisa! Upande mmoja umekolea kama ramani, lakini nathubutu kusema imezeeka vizuri kuliko ilivyozeeka yenyewe.

Limebaki tone. Buluu ipi, sasa? Jiko la mama mkwe siku hizi ni rangi ya maziwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika kwa mama mkwe nikidai nimekuja kukagua bomba. Alipotoka kuanika nguo nikasogeza kabati, nikakwangua ukuta kwa bisibisi. Rangi ya maziwa ikabanduka, na chini yake, buluu! Nilihitaji kipande cha ukubwa wa ukucha. Raha ya kukwangua ikanizidi, nikafika ukubwa wa sinia. Nikageuka. Mama mkwe kasimama mlangoni na beseni tupu.

Nikajua ndoa imekwisha. Lakini hakunitazama mimi. Alisogea, akaweka kiganja ukutani.

"Nilidhani iliondoka yote," akasema.

Machozi yakamtoka. Akauliza nimejuaje kwamba anaililia rangi hii. Nikasema moyo ulinituma. Akaniita mwanangu! Miaka yote huniita "fundi", na hilo nalo kwa mashaka. Halafu akanieleza aliyeifunika: shemeji, alipopata mshahara wake wa kwanza, eti jiko lipendeze. Shemeji! Mtetezi wa uzee!

Kipande nimekipeleka kwa muuza rangi. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akanichanganyia tone moja kwenye njiti ya kiberiti. Sasa liko pembeni mwa saa, limetulia kama lilizaliwa pale.

Jumapili, 9 Machi

Siku kuu ya maisha yangu. Kabla ya chakula mama mkwe alimpa shemeji msasa, akamwamuru aondoe rangi yake yote, taratibu, asiikwaruze ya buluu. Shemeji juu ya ngazi, kichwa kizima vumbi. Mimi mezani, naongezewa nyama.

Kisha saa. Mama aliiweka sikioni, akatabasamu. Akaitazama. Akainusa. Akaniuliza kwa upole kwa nini saa ya mumewe inanukia majani ya chai. Akaigeuza, akasema tone lilikuwa upande wa pili. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikakohoa.

Mama mkwe akaangua kicheko mpaka akafuta macho kwa leso.

"Marehemu alikuwa hivi hivi! Ukimwambia usiguse, ndiyo umemtuma!"

Akaivaa. Akasema saa inatembea na jiko lake limerudi, hayo mengine atayazoea.

Nimefananishwa na baba mkwe mbele ya watu! Nilimwomba arudie kwa sauti, maana msasa ulikuwa unamzuia shemeji kusikia.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mama mkwe kaja kibandani na saa ya ukutani aliyoachiwa na mama yake mzazi. Imesimama. Anataka itembee tu. Mbao zake, na mikwaruzo yake yote, nisiziguse kabisa. Aliondoka, akarudi kunikumbusha, akaondoka, akarudi tena. Nikamhakikishia nimemwelewa.

Nimeipaka vanishi nyekundu, mara mbili. Akiiona, atalia kwa furaha!