Shamba Safi Kuliko Yote

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu mpendwa,

Habari kubwa! Afisa kilimo anatafuta shamba moja la kufundishia wakulima wote wa huku. Litawekewa kibao barabarani. Nimeamua litakuwa lako. La nani tena? Kaka yako naye ameomba, eti! Shamba lenyewe limejaa majani makavu na mabua yaliyooza. Nimemshauri shemeji asijisumbue. Akanijibu nijifunze kwanza kutofautisha jembe na kijiko. Nimemsamehe. Amefiwa nawe kama mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimesafisha! Yale majani uliyokuwa ukiufunika udongo nayo, kwa upole kama unamfunika mtoto, nimeyakusanya yote. Nimeyachoma. Najua, ulinikataza. Lakini hukujua tutapata wageni. Magugu nimeyapiga dawa. Kisha nikalifagia shamba zima kwa ufagio wa uani. Mistari imenyooka! Jirani yetu fundi viatu akauliza kama kuna harusi. Nikaendelea kufagia. Nilikuwa nimevimba kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Afisa kapita kutazama. Akauliza kama nina nyungunyungu. Nikamwambia kwa fahari kwamba hayumo hata mmoja. Kisha akaeleza kwamba hao ndio wanaotoboa udongo ili hewa na maji vipite. Wao na vijidudu tusivyoviona husaga majani yaliyooza yawe chakula cha mimea. Ukichoma, umewanyima chakula. Ukiacha udongo uchi, jua linaukausha na mvua inauchukua. Jumamosi atakuja kuchimba, ndipo aamue.

Kumbe anataka nyungunyungu! Angesema mapema. Hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kumjulia hali shemeji. Nikiwa na ndoo. Alipoingia ndani kuchemsha chai, nikafukua chini ya mabua yake. Udongo mweusi, mlaini, nyungunyungu tele! Ukanukia kama mikono yako ulipokuwa ukirudi jioni na kunishika shavu makusudi ili unichafue. Nikakaa nikiunusa. Nikasahau hata kilichonileta.

Shemeji akanikuta nimepiga magoti. Akauliza kama nasali au naiba. Nikasema natafuta kifungo cha shati. Aliitazama fulana yangu, akacheka mpaka akakohoa. Mwishowe akanijazia ndoo mwenyewe. Akasema dada yake asingependa niaibike mbele za watu.

Mpango umekwenda vizuri sana.

Jumamosi, 9 Machi

Niliwamwaga nyungunyungu asubuhi katikati ya shamba, kila mmoja ajitafutie pa kuingia. Hawakupata. Udongo mgumu kama sakafu, na hakuna hata jani la kujifichia. Kuku wa fundi viatu wakafika kabla ya afisa. Karamu hiyo! Afisa alipochimba, jembe likadunda.

Amechagua shamba la shemeji.

Shemeji hakunicheka. Aliomba kibao kiandikwe jina lako, maana ni wewe uliyemfundisha kuacha mabua shambani. Nikasema nakwenda kuangalia mfereji. Nikakaa huko muda mrefu. Mfereji hauna tatizo lolote.

Jumapili, 10 Machi

Furahi nami! Afisa amerudi, anataka mashamba mawili. Wakulima wakishatoka kwa shemeji wataletwa kwangu, waone tofauti. Nami nitawekewa kibao! Ameniomba nisiguse chochote, libaki hivihivi. Shamba lingekuwa baya, angesema hivyo?

Shemeji anasema sijaelewa. Wivu huo. Kaniletea mkokoteni wa majani makavu, nimemshukuru kwa kunipa kitu cha kuwashia jiko.

Kesho napaka mawe chokaa na kuyapanga pembeni pote, ili wageni waone kutoka mbali shamba la mume wako. Wakiniuliza nani alilianzisha, nitakutaja. Nawe huko uliko, unikumbuke.