Maua Miguuni mwa Maulid

Jumatano, 10 Juni

Shule ya binti yangu Raisa wanataka kazi ya maonyesho: sanaa na sayansi pamoja. Mwaka jana mchoro wake ulibaki mkobani, hakuna meza iliyoutaka, akalia njia nzima mpaka nyumbani Saltley. Mtoto wa jirani yangu Saleha akashinda kwa volkano ya magadi. Saleha bado anaitaja. Mwaka huu hapana. Nimechoka, mdogo anaota meno, lakini hapana.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepata. Hina! Ni uchoraji, na ni kemia. Ya ndimu na ya maji matupu, ipi inakoza zaidi? Raisa kasema kwa Kiingereza chake kwamba si mbaya. Tatizo ngozi. Yangu inaosha vyombo kutwa, yake haitulii. Baba yake, Maulid, anafanya kazi usiku, mchana hajijui.

Ijumaa, 12 Juni

Maulid karudi, kalala fofofo. Mguu wa kulia ndimu, wa kushoto maji. Nikachora maua hadi vifundoni, maana mistari mitupu nani ataitazama? Nikasinzia na mimi. Kushtuka, sala ya Ijumaa inampita. Nikabandua hina upesi, akavuta soksi macho nusu, akakimbia.

Kaja kuiona miguu yake msikitini, anatia udhu, mbele ya watu. Mzee Amour kampa mkono wa pongezi, kamuuliza bibi harusi mtoto wa nani. Hata nyumbani hajafika, Saleha kanipigia kunipa pole ya mke mwenza. Sauti imejaa huruma, na raha.

Maulid kasema maonyeshoni haendi, hata kwa kamba. Na matokeo yetu yote yako miguuni mwake.

Jumapili, 14 Juni

Mguu wa kulia umekoza kama kahawa, wa kushoto rangi ya karoti. Maulid anashinda na soksi na joto hili. Nimempikia biriani. Kala, kakataa. Raisa kamuuliza polepole, na mwaka huu kazi yake itabaki mkobani? Baba mtu kavua soksi.

Jumatatu, 15 Juni

Mwalimu wa sayansi kasema maua mazuri, nendeni meza ya sanaa. Wa sanaa kasema hili jaribio, nendeni meza ya sayansi. Maulid peku ukumbini, kwenda na kurudi. Mwisho kavuta kiti, kaketi baina ya meza mbili, kanyoosha miguu, kamwambia Raisa haya mwanangu, waeleze. Watu wakajaa. Hata Saleha kainama, kaniuliza ndimu ngapi.

Kashinda mwanawe, volkano tena. Raisa hakulia. Njia nzima kamshika baba yake mkono.

Maulid kaniapisha: miguu yake basi. Nimeapa. Ila mwalimu wa sayansi kasema jaribio moja halitoshi, lazima lirudiwe.

Kalala sasa. Mikono kaiacha nje ya shuka.