Celestini Bwana Afya na Vita vya Uji wa Kimea

Sogeeni, enyi watu wa Bugarama, nanyi mliotembea kwa miguu toka Nyantakara. Wenye watoto wanaolia na wawanyonyeshe, kwani yanasimuliwa makuu ya Celestini, Bwana Afya wa kata, simba wa vyoo vya shimo, kiboko ya mbu, mwenye kalamu mbili mfukoni na moja ndiyo iandikayo, jinsi alivyokabiliana na sufuria.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi, milima ya Ngara ilipovikwa maturubai ya buluu. Katika kituo cha kulishia watoto waliodhoofu, Mama Ildefonsa, jemadari wa mwiko, aliona kwamba uji mzito hawaumezi, na mwepesi hauwashibishi. Akaotesha mtama, akaukausha, akausaga. Na kijiko kimoja cha kimea hicho kilipotua sufuriani, uji mzito ulilegea kama askari aliyeambiwa arudi nyumbani.

Lakini msimamizi wa kituo alipiga marufuku. Kimea ni cha pombe, alisema. Kisiguse kinywa cha mtoto mpaka Serikali ikipime.

Serikali ikawa Celestini. Alikuja kwa baiskeli, moyo ukimdunda, kwani kimea alikijua kwa upande mmoja tu, ule wa impeke, pombe ya mtama aliyoinywa kila Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Afya. Umekuja kupima, au kunizimia moto?"

"Mama!" akanguruma. "Ndani ya unga huu mna vimeng'enya, majeshi yasiyoonekana, yakatayo wanga vipande vipande! Nani ajuaye kama wanga ukiisha hayatayageukia matumbo ya watoto?"

"Kwani matumbo yametengenezwa kwa wanga, mwanangu?"

Akina mama wakacheka. Celestini, amejeruhiwa lakini hajaanguka, akafungua daftari.

"Machipukizi ya mtama uliyapeleka wapi?"

"Nayapukuchua yote, natupa. Yana sumu. Muulize Mayunga, Msukuma yule, ng'ombe wake walikufa kwa kula mtama mchanga."

Celestini akachambua punje ambazo hazijasagwa, moja moja, akisaka ukungu, asiuone. Akanusa unga, akapiga chafya, na jeshi zima likamrukia masharubuni.

"Na ukishatia kimea?"

"Kazi ikiisha nachemsha tena. Vijidudu vinakufa, na hivyo vimeng'enya vyako navyo."

Akaandika: *Majeshi hayarudi hai.* Kisha kalamu ikasita. Ndipo Kezia, mkimbizi aliyempakata bintiye, akasema polepole, "Bwana, huyu hajameza kitu tangu juzi. Andika, au unywe wewe kwanza."

Celestini akamtazama mtoto. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko mpini wa mwiko. Akashika kikombe, akapiga ishara ya msalaba, akanywa mpaka tone la mwisho. Akaketi saa nzima, akitazamwa kama maiti inayochelewa. Mara tumbo likanguruma! Umati ukarudi nyuma. Naye akaanza kuzikumbuka dhambi zake, na zilikuwa nyingi.

"Asubuhi ulikula nini?" akauliza Ildefonsa.

"Sikula. Niliogopa."

"Basi hiyo ni njaa."

Akamnywesha cha pili. Shujaa akasimama, akaandika kwa herufi kubwa: RUKSA.

Binti wa Kezia akanywa, akameza, akanywa tena, kisha akakinyoosha kikombe kitupu kwa mkono wake mwenyewe. Kezia akalia. Vigelegele vikapasua maturubai. Na ijulikane hata kwa vizazi visivyozaliwa kwamba Jumanne ile, saa tano na robo, huko Ngara, mtu wa Serikali alikunywa uji asife, na mtoto mmoja akaomba kuongezewa.