Jinsi Kinyozi Alivyolichagua Bomba la Mguu wa Nne

Sogeeni, enyi mlio na masikio, na aliyekosa kiti asimame mlangoni, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa Jumanne asubuhi katika duka la vyuma, baina ya mwanadamu mmoja na mabomba manne ya alumini. Niliviona kwa macho yangu, maana nilikwenda kununua misumari, na misumari hiyo sijainunua mpaka leo. Ewe kalamu, andika kwa adabu, usicheke kabla ya wakati.

Shujaa wetu ni jirani yangu Kinyozi, Mwangusha Ndevu, Mfyekaji wa Misitu ya Vichwa, ambaye mbele yake wakubwa kwa wadogo huinamisha shingo. Ijumaa iliyotangulia, shujaa huyu alipanda juu ya fremu ya kutembelea ya mama mkwe wake ili abadilishe balbu. Balbu aliibadilisha. Lakini mguu mmoja wa fremu, katika ile minne, ukapinda na kupasuka, na tangu saa ile yule mama, aliyezaa sita na kuwatia adabu wote sita, akawa haendi hata msalani bila kushikwa mkono na binti yake. Hakumlaumu mkwe wake. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulinifikia hata mimi wa nyumba ya pili.

Basi Kinyozi akaingia kwa Mama Chuma, malkia wa nondo na mabati, kidole gumba cha kulia kimeinuliwa juu, akanena:

"Ewe mlinzi wa hazina zing'aazo, nimekuja kutafuta mguu. Fremu ya mama mkwe wangu ina ala, na mguu huchomekwa ndani ya ala hiyo. Sikuchukua futi wala kamba. Nilikitia kidole hiki ndani ya ala, kikaenea barabara. Mabomba yako na yaje mbele yake, moja baada ya jingine."

"Hata salamu hakuna?" akasema Mama Chuma. "Haya, karibu shemeji."

La kwanza lilikuwa la pembe nne, la madirisha, nalo likafukuzwa uwanjani bila vita. La pili lilikuwa la mviringo, urefu wake mita sita, ncha moja kaunta na ncha ya pili barabarani. Kinyozi akakitumbukiza kidole, nacho kikaingia na kujaa.

"Kidole kimeamua," akatangaza.

"Shemeji, hebu tulia," akasema Mama Chuma. "Nyumbani kidole kilikuwa ndani ya ala. Mguu nao unaingia ndani ya ala. Unatafuta bomba lenye unene wa kidole, siyo bomba la kuvaa kidoleni."

Kinyozi, kwa heshima yote, akavuta mkono, na kidole kikakataa kurudi.

Ndipo vita vikachacha. Mimi nikamshika kiuno, Mama Chuma akalishika bomba, na kwa kila mvuto ncha ya barabarani ikafagia kulia na kushoto, wapita njia wakaruka, muuza magazeti akahama na meza yake. Hatimaye ikaja sabuni ya vyombo, na kidole kikatoka kimevimba, hakifai tena kupimia kitu chochote. Kwa bahati Kinyozi alikuwa na kingine.

Kidole cha kushoto kikawekwa kando ya mabomba mawili yaliyosalia, nayo kwa nje yakalingana nacho kama mapacha. Moja lilikuwa na ukuta mwembamba, jepesi ajabu. Jingine lilikuwa na ukuta mnene. Shujaa akalipenda lile jepesi, akahutubia juu ya wepesi, kisha akalilaza juu ya vigoda viwili na kulikalia. Hotuba ikaishia sakafuni. Akalikalia lile nene, likatulia. Mama Chuma naye akaketi kando yake, likazidi kutulia.

"Kata hili," akasema Kinyozi, na sauti yake haikuwa tena ya vita. "Yule mama akianguka, mimi sitaweza kujisamehe."

Likakatwa, likatobolewa tundu la pini ya kulifunga, tukalibeba wawili hadi nyumbani ingawa angetosha mmoja. Mguu ukaingia kwenye ala kwa mlio mdogo mtamu. Mama mkwe akaitikisa fremu mara tatu, akatutazama, akainuka. Akaanza kuukata ukumbi, nasi nyuma yake tumenyoosha mikono, hatupumui. Akaingia msalani. Tukasikia komeo.

Kinyozi akaniegemea, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Baba," ikaja sauti kutoka ndani, ya kwanza kwake tangu Ijumaa, "mko wangapi hapo nje?"

"Wawili, mama."

"Ondokeni."

Tukaondoka kwa kunyata, tumeshikana mikono. Iandikwe basi katika kumbukumbu za mtaa, wajukuu waje kuisoma: siku ya Jumanne, saa saba mchana, komeo la msalani lilifungwa kutoka ndani.